Usihesabu madoa! Nilivyojifunza kuwatofautisha wadudu-kibibi

Mwaka wa kwanza kulima maboga nyuma ya nyumba nilikuwa nimekariri kitu kimoja tu, mdudu-kibibi ni rafiki haguswi. Sasa siku moja nawakuta wamejaa kwenye majani, rangi ya chungwa wana madoa meusi, nikahesabu nikapata 12, nikaingia ndani na furaha zangu. Wiki mbili baadaye majani yamebaki mishipa mitupu, yanapitisha jua kama chandarua. Kumbe wale walikuwa Henosepilachna, familia ileile ya wadudu-kibibi ila wenyewe wanakula majani, na maboga ndo chakula chao haswa.

Toka hapo madoa naangalia mwisho. Kwanza mgongo. Cheilomenes, wadudu-kibibi wanaokula vidukari, hawa ndo marafiki wenyewe, utawapata sana kwenye kunde zilizoshambuliwa na vidukari weusi, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, mgongo wao unang'aa kama umepigwa vanishi. Henosepilachna ana vinyweleo vifupi vifupi kwahiyo anaonekana amefifia kama katoka kwenye vumbi, mgeuzegeuze kwenye jua la asubuhi utaviona. Ukimshika akakutolea maji ya njano yenye harufu usitupe mkono, anatoa kwenye magoti anajihami tu, na wote wanafanya hivyo.

Bado una wasiwasi? Tafuta watoto. Buu wa Cheilomenes ana miguu mirefu, anakimbiakimbia katikati ya vidukari anawatafuna, wakati buu wa yule mla majani ni wa njano, kajaa miiba yenye vitawi, katulia chini ya jani. Mayai hayatakusaidia, pande zote mbili ni ya njano na yamesimama wima.

Sasa kwenye spishi ndo watu wanajiumiza. Cheilomenes lunata ni rahisi kidogo, mweusi mwenye mabaka ya njano mpaka mekundu, mengine yamepinda kama mwezi mwandamo na jina ndo limetoka huko. Ukiona mbele ya jina imeandikwa (Fabricius, 1775), yaani mtaalamu aliyempa jina na mwaka wake, yale mabano sio urembo, maana yake Fabricius alimweka kwenye jenasi (kundi la spishi) nyingine, Coccinella, wenzake wakamhamisha baadaye. Ndugu yake wa Asia, sexmaculata, jina linasema madoa sita halafu unamkuta ana mistari ya zigizaga, na vitabu vya zamani vinamwita Menochilus, basi usidhani ni wadudu wawili. Wale wanaofanana sana wataalamu wanampasua dume waangalie via vya uzazi, sa wewe na picha moja ya simu unabishana nini? Andika Cheilomenes sp., yaani spishi fulani ya Cheilomenes, uendelee na mambo yako, hakuna aibu. Ila picha piga tatu, mgongoni, usoni ile sehemu nyuma ya kichwa ionekane, na tumboni.

Halafu kuna hili lilinichekesha mwenyewe. Niliokota pupa, ile hatua ya buu kabla hajawa mdudu kamili, kwenye kunde nikamweka kwenye kopo la jamu, asubuhi katoka mdudu wa njano mtupu hana doa hata moja, nikampigia simu rafiki yangu nimegundua spishi mpya. Rafiki akafika jioni na lenzi yake, tunafungua kopo, mdudu mweusi tii ana mabaka yake yote kamili. Lunata.