Umeona Nini?

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, mvua zimeanza na mguu wa baba yako unaendelea vizuri. Umeniuliza inakuwaje mimi, muuguzi mstaafu nisiyeweza kusimama pale kuku anapochinjwa, nikeshe na filamu za mauaji na kurudia riwaya za upelelezi ambazo mwisho wake naujua. Kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Nikiwa darasa la sita, nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa bibi mmoja mjane. Tukitoka shule alitugawia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tukala njiani. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa Usukumani wa umri wake, maana kuni zilikuwa shida na jikoni tulichochea samadi kavu ya ng'ombe. Kaa kwenye moshi ule miaka arobaini uone. Basi mtoto wa jirani akashikwa na homa, siku ya tatu akafa. Matanga hayajaanuliwa, jina la bibi likawa midomoni mwa watu, eti ni mchawi. Hakuna aliyeuliza homa ilianza lini, mtoto alikunywa maji ya wapi, wala nani alimwona bibi akiingia nyumba ile. Walitazama macho tu. Akatoroka usiku na kifurushi cha nguo. Asubuhi nilichungulia jikoni kwake: sufuria ilikuwa bado mafigani, ina maji na viazi vibichi vilivyomenywa. Wengine hawakuwahi kutoroka, mwanangu. Walikatwa mapanga.

Mwaka uliofuata mwalimu aliniazima Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Mimi mtoto wa bara, Kiswahili kile cha Unguja kilinishinda mahali pengi, nikawa naruka. Lakini hili nililielewa: mtu ameuawa penye mzimu, mahali panapoogopwa, na kila aliyetaka kumlaumu mzimu angeweza kwenda zake kulala. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, hakwenda kulala. Alivuta kiko chake akauliza. Nani alikuwa wapi? Nani ananufaika? Kwake muuaji alikuwa mtu kama watu wengine, na mtu huacha alama. Nilisoma kwa kibatari mpaka mafuta yakaisha, nikalia gizani, nikimfikiria bibi. Laiti mtu mmoja tu pale kijijini angeuliza hivyo.

Ndiyo maana kujua mwisho hakuniharibii kitu. Safari ya kwanza nasoma kumtafuta muuaji. Ya pili nasoma kuona nilivyopitwa. Jambo lenyewe huwa limewekwa wazi ukurasa wa ishirini, mlango uliofungwa kwa ndani au mtu aliyetaja jeraha kabla hajaambiwa, nami nimelipita kwa sababu nilikuwa nimeshamchukia mwingine. Hapo napata raha kubwa, na aibu kidogo.

Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, nilimpenda pia, tangu Kufa na Kupona ya 1974. Mbio zake na bastola zilitusahaulisha uchovu wa zamu za usiku bwenini. Ila kwake sirudi mara nyingi. Nikishajua kapona, basi. Na filamu zinazochezea damu, za maiti juu ya maiti bila hata mmoja kuliliwa, hizo nazima. Hadithi nzuri ya upelelezi humheshimu marehemu: hairuhusu azikwe na uongo.

Wodini nilitumia yale yale. Mama akija na mtoto anasema karogwa, sikubishana naye. Nilimuuliza jana alikula nini, choo kikoje, nani mwingine nyumbani anaumwa. Mara nyingi majibu yake mwenyewe ndiyo yaliyotufikisha kwenye maji ya kisima.

Sasa kumbuka Desemba, tulipotazama ile filamu pamoja. Katikati ulisema, "Mama, ni yule mfanyakazi wa ndani, muone sura yake." Nikasimamisha filamu nikakuuliza, "Umeona nini?" Ukanuna, ukadhani nakukosoa mbele ya mumeo. Nisamehe kwa hilo, lakini swali silirudishi. Uliposema "sura yake" niliiona ile sufuria, na viazi vyake ndani ya maji.

Mama yako