Mama ameacha dawa za presha kwa kuwa anajisikia vizuri: yaliyonipata mimi

Dada uliyeuliza kutoka Makambako, umesema mama yako alikutwa na presha ya 170 kwa 100, akameza dawa miezi mitatu, kisha akaziacha kwa sababu kichwa hakimuumi tena. Ninakujibu kwa urefu kwa kuwa nami nilifanya hivyohivyo.

Mimi ni mkulima wa viazi huku Isyonje, na mwaka 2017 niliandikiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha. Vidonge nilivihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, na baada ya muda nikawa nalifungua kopo lile siku ambazo kisogo kilikuwa kizito tu. Kumbe kichwa si kipimo cha presha. Inaweza kupanda sana na mtu asisikie chochote.

Mwaka 2021, nikipandisha kilima na nusu gunia la viazi begani, kifua kilibanwa kana kwamba mtu amekikalia, na maumivu yakapanda hadi kwenye taya la kushoto. Nikautua mzigo, nikaegemea mlingoti, na baada ya dakika chache yakaisha kabisa. Nilidhani ni vidonda vya tumbo, nikanywa dawa za vidonda wiki tatu nzima, huku maumivu yakirudi kila nilipopanda kilima kilekile.

Daktari ndiye aliyenichorea picha nikaelewa. Moyo umejaa damu, lakini haujilishi kwa damu hiyo inayopita ndani yake. Hulishwa na ateri zake, yaani mishipa inayopeleka damu, zinazoanzia kwenye mzizi wa aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, na kuuzunguka kwa nje. Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi miaka nenda miaka rudi, huudhuru utando laini wa ndani wa ateri hizo, lehemu, yaani mafuta ya kolesteroli, ikapenya ukutani na kujenga uvimbe unaopunguza njia. Wakati huohuo msuli wa moyo, kwa kusukuma dhidi ya presha hiyo, hunenepa na kudai damu nyingi zaidi kutoka kwenye njia zilezile zinazozidi kuwa nyembamba. Ndiyo maana nikiwa nimekaa damu ilitosha, nikipanda kilima ikapungua. Uvimbe ule ukipasuka, damu huganda juu yake na kuuziba mshipa, na hilo ndilo shambulio la moyo.

Nilipelekwa Dar es Salaam, wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wakautanua mshipa uliobanwa na kuacha humo stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Maumivu yaliisha, ila presha haikuponywa na chuma kile, na dawa ninameza kila siku hadi leo.

Kwa hiyo usimgombeze mama. Kwanza muulize kwa upole kama kuna kilichomsumbua. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, na wazazi wetu wengi huziacha kimyakimya kwa sababu hiyo, ilhali daktari anaweza kumbadilishia. Asijirudishie dozi mwenyewe wala kumeza maradufu ili kufidia. Mpime nyumbani akiwa amekaa kwa utulivu dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, bila kuzungumza, na uandike namba hizo kwenye daftari. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na dagaa.

Akibanwa kifua hata akiwa amepumzika, akitokwa jasho jembamba, au akiishiwa pumzi na kusikia kichefuchefu bila maumivu makali, jambo linalotokea zaidi kwa kina mama, msisubiri kupambazuke. Tafuteni gari saa hiyohiyo. Kama hana dalili hizo, mpeleke kliniki wiki hii, mkiwa na daftari lile na vidonge vyote vilivyobaki, ili daktari aone alipoishia.