Usishushe Giaboksi Kabla Hujatazama Juu

Juzi usiku msomaji mmoja wa Mtwapa aliniandikia hivi: "Kaka, Pajero yangu yavuja oili pale giaboksi inapokutana na injini. Fundi asema ni oil sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili kule mwisho wa mhimili wa injini, lazima ashushe giaboksi, ataka elfu ishirini na tano za kazi peke yake. Nimpe?"

Nikamjibu saa ile ile: usimpe hata shilingi, subiri. Kisha usingizi ukanipaa, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mie mwaka juzi, na mie nilitoa.

Gari langu ni Pajero ya zamani, injini 4D56, dizeli ya lita mbili na nusu. Wenye nayo wanaijua: haina makuu, yavuta, na spea zake zapatikana Mombasa bila kusubiri kontena. Nimeipandisha Kwale na mizigo ya harusi, imevuka kivuko cha Likoni mara nisizoweza kuhesabu. Nalipenda gari lile. Basi lilipoanza kuvuja nilikuwa naona tone moja tu asubuhi, baadaye kiduara kama sahani, mwisho nikawa naongeza oili kila wiki.

Kilichoniuma si oili. Wakwe zangu wako Tudor, na mwaka ule baba mkwe alikuwa ametandika kabro mpya uani, nyekundu na kijivu, amezisimamia mwenyewe moja moja. Tulikwenda kula mchana. Tulipotoka kulikuwa na doa jeusi chini ya gari langu. Mzee hakusema neno. Siku ya Idi tulipofika tukakuta kipande cha katoni kimeshatandazwa pale ninapoegesha, kimewekewa jiwe kila pembe kisipeperuke. Nikaegesha juu yake. Mke wangu alitazama upande mwingine.

Jumatatu nikampelekea gari fundi niliyekuwa nikimwamini kwa miaka. Aliinama, akatazama chini dakika moja, akasema sili ya nyuma. Siku tatu giaboksi iko chini. Nililipa shilingi 22,000, kazi na sili. Siku ya tano tone limerudi, mahali pale pale. Nilipomrudia aliniambia: "Gari kuukuu hilo, halikosi kuvuja. Zoea." Hilo neno "zoea" ninalo mpaka leo. Angesema amekosea ningemsamehe siku ile ile.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo penye faida.

Jumapili niliamka alfajiri, injini ikiwa baridi. Nikafunga altaneta kwa mfuko wa plastiki, nikachukua brashi na dizeli kidogo nikasugua injini nzima, juu, ubavuni, na hasa nyuma pale karibu na ukuta wa kabini ambapo mkono hauingii vizuri. Kisha maji ya sabuni, kisha maji matupu, kisha nikaliacha juani. Usitumie mashine ya presha kwenye nyaya. Lilipokauka nikachukua poda ya binti yangu, ile ya kopo, nikainyunyiza kila mahali mpaka injini ikawa nyeupe kama imemwagiwa unga. Nikaendesha kutoka Mikindani hadi Mazeras na kurudi, kile kilima kikaipa injini kazi.

Nilifungua boneti nikamulika tochi. Saampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nyeupe. Filta nyeupe. Kule nyuma kabisa, chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, palikuwa na mstari mmoja wa kahawia, mwembamba kama uzi wa kushonea, umetoka kwenye pembe ya ile raba ya nusu mwezi, umeshuka mgongoni mwa injini, ukapotelea pale giaboksi inapoanza. Nilimwita mke wangu aje aone. Oili ilikuwa inatoka juu, inateremka, inaingia kwenye nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na kudondokea tundu la chini. Aliyetazama chini tu angesema sili. Ndivyo nilivyochukuliwa pesa zangu.

Raba hiyo ya nusu mwezi wengi hawaijui. Yaziba tundu la nusu duara mwishoni mwa kichwa cha injini, na gaskiti ya tapeti kava yapita juu yake. Miaka ikipita joto laikausha. Yangu nilipoitoa ilikatika vidoleni kama kachiri ya muhogo. Gaskiti nayo ilikuwa ngumu, imekwisha kunyooka, haina mvuto tena.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Unavua mipira iliyo juu, unafungua bolti za tapeti kava kwa soketi, unainua kava polepole. Palipochukua muda ni kusafisha. Kichwa cha injini hii ni aluminiamu, ukikwangua kwa patasi au bisibisi unakitia mikwaruzo na oili itapita humo humo. Mie nilitumia kipande cha plastiki ngumu na kitambaa chenye thina, saa nzima, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Ziba njia za oili kwa vitambaa uchafu usiingie, na uvihesabu uvitoe vyote.

Silikoni weka kidogo sana: chini ya ile nusu mwezi na kwenye pembe zake mbili inapokutana na kichwa, basi. Mafundi wetu wanamimina silikoni kama wanapamba keki. Inayofinyika kwa ndani hukatika, ikaelea kwenye oili, ikaenda kuziba chujio la pampu kule chini. Injini ikikosa oili haina msamaha. Na bolti usizikaze kwa hasira. Anza za katikati, nenda nje kwa zamu, kaza kwa mkono mwepesi. Ukizidisha, kava yapinda na gaskiti yafinywa, itavuja zaidi ya mwanzo. Nililiacha gari usiku kucha silikoni ishike.

Gaskiti, raba na silikoni havikufika shilingi 3,000.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia. Ule mpira wa bridha, unaotoka tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa, ulikuwa umejaa tope jeusi. Nilipouvua na kuupuliza, pumzi haikupita. Injini hupumua, ikizibwa pua, presha yapanda ndani na kusukuma oili kila penye udhaifu. Ningebadilisha gaskiti kila mwezi bila kuuosha mpira ule, ningerudi pale pale. Niliuosha kwa dizeli mpaka ukawa bomba tupu.

Sisemi kila uvujaji uko juu. Ukifanya hivyo vya poda na juu pakabaki peupe, huku oili yatoka kwenye tundu la chini, basi kweli tazama sili ya nyuma. Lakini kwanza inuse: oili ya giaboksi ina harufu kali ya kuchukiza na rangi yake ni ya asali, oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii. Tazama filta pia, mara nyingine raba ya filta ya zamani hubaki imeganda na mpya ikafungwa juu yake. Tazama ile swichi ndogo ya presha ya oili. Na ukifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, moshi ukatoka kwa nguvu kama mvuke wa birika, hizo ni ringi za pistoni zimekwisha, na hakuna gaskiti itakayokuokoa. Ukiingia chini ya gari usiitegemee jeki peke yake, weka stendi. Oili chafu itie dumuni. Ukiimwaga mtaroni yaishia kwenye hori letu.

Ndugu zangu wenye magari haya, mbona tumekuwa watu wa kutoa funguo na kuondoka? Mtu ana gari miaka kumi hajui kijiti cha oili kiko wapi, na akidanganywa anashangaa. Fungueni boneti. Waiteni watoto wawashikie tochi, wa kike na wa kiume. Binti yangu sasa ana miaka kumi na mmoja, anajua tapeti kava ni ipi na bridha ni ipi, na poda yake nilimnunulia nyingine. Fundi mwaminifu hatachukia mwenye gari anayejua, atafurahi. Anayechukia, muondokee.

Kwa baba mkwe nilikwenda wiki mbili baada ya kazi ile. Katoni ilikuwa tayari na mawe yake manne. Niliegesha pembeni, juu ya kabro tupu, mzee akanitazama. Tulikaa mpaka baada ya magharibi. Tulipotoka aliwasha taa ya ukutani, akainama mwenyewe chini ya gari, akapitisha kiganja. Kisha akaiokota katoni akaikunja.

Na wewe wa Mtwapa: osha, kausha, poda, endesha mpaka injini ipate moto sawasawa, kisha nipigie picha ya nyuma ya tapeti kava, tochi ikimulika kutoka upande wa dereva. Mpaka nione picha hiyo, mwambie fundi wako spana zake azirudishe sandukuni.