Jibu: Kwa nini molekuli ndogo inaishinda kompyuta kuu?
Ndugu, umeuliza kwa nini mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza elektroni zinavyokaa ndani ya atomu na molekuli, upo tangu 1926 na bado watu wanahangaika na makompyuta ya ukubwa wa ukumbi. Mlinganyo hauna kosa. Tatizo ni kwamba elektroni zinasukumana. Hidrojeni ina elektroni moja, unaimaliza kwa kalamu na karatasi. Heliamu ina mbili tu, na tayari umekwama.

Chukua maji: elektroni 10. Kila moja ina namba tatu za mahali ilipo, jumla 30. Tuseme kila namba unaipa vituo 10 tu (huo ni ubahili, picha itakuwa ukungu mtupu). Tayari una namba za kutunza zinazofika 1 yenye sifuri 30 nyuma yake. Kompyuta kuu Frontier ya maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliyovuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde mwaka 2022, ingechukua karibu miaka 30,000 kuzipitia mara moja.

Kwa hiyo wanakwepa. Mwaka 1964 wanafizikia Hohenberg na Kohn walionyesha kwamba, kwa hali ya nishati ya chini kabisa, msongamano wa elektroni (zimejaa kiasi gani kila mahali) unatosha kuamua nishati: namba tatu za mahali badala ya 30. Kohn akapata Nobel ya kemia 1998. Ila kuna kipande cha fomula ya nishati hiyo ambacho hadi leo hukadiriwa, na hapo ndipo wataalamu hugombana.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, programu ya Quantum ESPRESSO, inayofanya hesabu za aina hiyo, ni ya bure na inakubali hata kwenye kompyuta mpakato. Anza na fuwele ya silikoni: kipande chake kinachojirudia kina atomu mbili tu.