Kosa Namba 500 Baada ya Kuhamishia Tovuti Kwenye Seva ya Pamoja

Mwezi Agosti, wakulima wa zabibu wa hapa Dodoma wakiwa katikati ya mavuno, ushirika mmoja wa upande wa Mpunguzi uliniomba niihamishe tovuti yao. Walikuwa wakikodi seva nzima peke yao na gharama ilikuwa imewalemea, hivyo tukakubaliana tuhamie kwenye seva ya pamoja, yaani mashine moja yenye akaunti za wateja wengi. Nilipakia mafaili na kanzidata Jumamosi usiku, nikaelekeza kikoa (jina la tovuti, yaani domain) kwenye seva mpya, na nilipofungua kivinjari nikakuta ukurasa mtupu wenye namba 500. Asubuhi mwenyekiti alinipigia simu.

"Mwanangu, wanunuzi wanauliza bei, na ukurasa haufunguki."

"Shikamoo mzee. Nimeliona, nalishughulikia."

Namba 500 haikuambii kilichoharibika. Inasema tu kwamba seva imeshindwa kukamilisha ombi, na sababu yenyewe hufichwa makusudi ili mgeni asijue undani wa mfumo wako. Sababu hiyo huandikwa kwenye kumbukumbu za makosa, na huko ndiko mtu anapaswa kuanzia kabla hajagusa kitu chochote. Mimi sikuanzia huko. Nilidhani tatizo ni ruhusa za mafaili, nikazifungua zote kwa kuweka 777, na kwa kufanya hivyo nikaongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Naomba nilieleze hili kwa kirefu, kwa sababu naona wengi wakishauriwa kuweka 777 kana kwamba ni dawa. Tarakimu hizo tatu ni za mwenye faili, kundi lake na watu wengine wote, na katika kila moja 4 ni ruhusa ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kutekeleza. Kwa hiyo 7 ni zote tatu, na 777 maana yake ni kwamba kila mtumiaji wa mashine anaweza kuandika ndani ya folda yako. Kwenye seva uliyoikodi peke yako huenda usione madhara mara moja. Kwenye seva ya pamoja una majirani, na ndiyo maana seva nyingi za aina hii hukataa kabisa kuendesha faili la PHP (lugha ambayo tovuti nyingi huandikwa kwayo) lililo wazi kwa watu wote kuliandika, zikajibu kwa namba ileile ya 500. Folda ziwe 755 na mafaili yawe 644. Faili la mipangilio lenye nywila ya kanzidata libanwe zaidi, kwa mfano 600, mradi tovuti iendelee kulisoma.

Nilipozirudisha ruhusa mahali pake ndipo nikafungua kumbukumbu. Katika cPanel, paneli ya kusimamia akaunti ya tovuti, kuna sehemu mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Makosa ya PHP huandikwa kwa kawaida kwenye faili liitwalo error_log ndani ya folda ya tovuti yenyewe, lakini makosa ya Apache, programu inayowapa wageni kurasa, huonekana katika ukurasa wa makosa ulio kwenye paneli. Mwanzoni nililitazama lile faili peke yake, nikalikuta tupu, nikadhani hakuna kilichoandikwa. Kwenye paneli mstari ulikuwa wazi: seva haikuitambua amri ya php_value, ya kuweka mipangilio ya PHP, iliyokuwa ndani ya .htaccess, faili la mipangilio ya Apache. Kwenye seva ya zamani PHP ilikuwa sehemu ya Apache, hivyo amri hiyo ilikubalika. Huku PHP inaendeshwa kando, na amri moja isiyotambulika inatosha kuiangusha tovuti nzima. Niliifuta, nikahamishia kiwango cha memori ya PHP na ukubwa wa mafaili ya kupakia kwenye .user.ini, faili la mipangilio ya PHP yenyewe. Faili hilo kwa kawaida husomwa upya kila baada ya sekunde 300, kwa hiyo usubiri dakika tano kabla ya kuamua kwamba badiliko lako halikufanya kazi.

Ukurasa wa mbele ukafunguka, lakini ule wa bei ukabaki mweupe. Safari hii error_log ilijibu: msimbo wa zamani ulikuwa ukiita mysql_connect, amri ya kuunganisha na kanzidata iliyoondolewa tangu PHP 7.0 mwaka 2015. Paneli iliniruhusu kuchagua toleo la zamani la PHP, nami nikalitumia siku hiyo tu ili wanunuzi wapate bei, kisha nikauandika upya ukurasa huo kwa mysqli, njia mpya ya kuunganisha PHP na kanzidata. Kubaki kwenye toleo lisilopata tena marekebisho ya usalama sikushauri hata kidogo.

Kanzidata haikunisumbua sana. Kumbuka tu kwamba cPanel hutanguliza jina la akaunti yako mbele ya jina la kanzidata na la mtumiaji wake, kwa hiyo majina ya zamani hayatafanya kazi. Ukitoka MySQL 8 kwenda MariaDB, mifumo miwili ya kanzidata inayofanana, unaweza kukuta kosa namba 1273 kuhusu utf8mb4_0900_ai_ci, kanuni ya kupanga herufi ambayo seva mpya haiitambui. Fungua nakala ya faili la kanzidata, badilisha maneno hayo kuwa utf8mb4_unicode_ci, upakie tena.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba haya yote yalitokea mbele ya wanunuzi bila ulazima. Ungeweza kuijaribu tovuti kwenye seva mpya ukiwa peke yako, kwa kuandika anwani ya seva hiyo katika faili la hosts la kompyuta yako, watu wengine wakiendelea kuona ile ya zamani. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, punguza TTL, yaani muda ambao mashine nyingine hutunza anwani ya kikoa chako, kutoka sekunde 86400 hadi 300, ili ukihitaji kurudi nyuma usisubiri siku nzima. Na ukibadilisha seva za majina (zinazotunza rekodi za kikoa), nakili kwanza rekodi za MX, kwani bila hizo barua pepe za ushirika hazitafika.

Seva ya zamani tuliilipia mwezi mmoja zaidi. Siku ya tatu katibu alikuta humo orodha mbili za bei alizopakia Jumapili, kabla kompyuta yake haijaanza kuiona seva mpya, nami nikazihamisha kwa mkono.