Kabla ya Kugombea, Omba Daftari

Mwaka 2018 niligombea uenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kijijini kwetu, wilaya ya Busia, Uganda, nikiwa na miaka 24. Uchaguzi huo ulikuwa haujafanyika tangu 2001, kwa hiyo vijana wengi tuliona zamu yetu imefika. Mabodaboda wa stejini waliniahidi kura zao zote. Tarehe 10 Julai tukakusanyika uwanjani, tukaambiwa kila mtu ajipange nyuma ya mtu wake. Nyuma yangu walisimama kumi na mmoja, mmoja wao dada yangu; mzee mwenyekiti akashinda.

Niliwanunia wale wa stejini mpaka mmoja aliponieleza: "Kaka, huyo mzee ndiye anayetuandikia barua. Kesho nikitaka kitambulisho, au mdogo wangu akishikwa na polisi, nitakwenda kwa nani? Na angeniona kwa macho yake niko mstari gani." Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimepiga kampeni ya WhatsApp kana kwamba kura ni ya siri.

Sasa kijana akinifuata akitaka kuingia uongozini, namwambia asianze kwa kugombea. Aanze kwa kuombwa barua, yaani kwa kuwa mtu anayehitajika.

Kisheria mwenyekiti wa LC1 akishachaguliwa, ndiye anayependekeza wanakamati wenzake, na kijiji kinawapitisha. Wiki ile ile nilikwenda kumpongeza mzee, nikamwomba kiti cha ukatibu. Alicheka sana. Lakini macho yalikuwa yameanza kumsumbua, na kazi ya kuandika hakuna aliyeitaka, maana haina posho (ya mfukoni, si ile ya sahani, yaani ugali). Akanipa daftari.

Daftari lile lilinifungua macho. Mara tatu kijiji kilikuwa kimeomba karavati kwenye kijito cha njia ya shule, na mara zote tatu ombi liliandikwa mwezi wa Mei, mvua ikishakata barabara. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwezi wa Mei bajeti imeshapikwa, inangoja kupakuliwa tu. Vikao vya kupanga hukaliwa mapema zaidi, Oktoba na Novemba, wakati hakuna anayekumbuka matope ya Mei. Kwa hiyo Septemba nilikwenda gombolola, ngazi ya serikali iliyo juu ya vijiji, kuuliza mkutano wa bajeti ni lini. Chifu wa pale alinitazama kama mtu aliyemuuliza mshahara wake. Tarehe akanipa, nasi tukapeleka karatasi moja: mahali, mita tulizopima kwa kamba, na idadi ya watoto wanaovuka pale asubuhi. Hotuba hatukuandika.

Lugha nayo usiidharau. Mihtasari yetu huandikwa Kiingereza, ilhali mkutanoni tunaongea Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kiganda kidogo. Nilipoanza kuisoma kwa Kiswahili kila kikao kikifunguliwa, mama mmoja wa sokoni akasimama: "Nilichosema mimi mbona hakimo?" Alikuwa na haki. Toka siku ile kinamama wanakuja kusikiliza kama wameandikwa, na stejini nao wakaanza kutuma mtu.

Najua semina nyingi za uongozi wa vijana huanzia juu: viti 5 vya wabunge wa vijana, au Proscovia Alengot Oromait aliyeingia Bungeni mwaka 2012 akiwa na miaka 19. Sina ubaya nao. Ila kugombea ubunge unalipa shilingi milioni 3 kabla hujafungua mdomo, na ngazi ya mabaraza ya vijana yenyewe inaanzia kijijini, kwenye kamati ambayo siku ya kuichagua wengi wenu mko kwenye mpira. Ukipita miaka 30, hiyo si yako tena.

Karavati liliwekwa 2021. Ni fupi kwa mita moja kuliko tulivyopima. Niliandika barua kuomba nione hati ya kazi ile, nikataja Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inayompa afisa siku 21 za kujibu. Siku 21 zilipita. Nimeandika ya pili, na nakala yake imo daftarini.