Utamaduni wa ofisi ya NGO: fungua mafaili kwanza, dodoso baadaye

Nimefanya kazi za utawala kwenye NGO hapa Dar muda sasa, na kila ofisi mambo ni yale yale, mfadhili akiuliza mnapimaje hali ya wafanyakazi basi HR anatengeneza fomu ya Google, maswali kibao, Kiingereza kitupu, inatumwa kwa imeli. Dereva hana imeli ya ofisi. Dada wa usafi hana. Mlinzi ndo usiseme, yeye ni wa kampuni nyingine kabisa. Majibu yanatoka mazuri balaa na ripoti inaenda.

Halafu ile ya kusema "haina majina". Ofisi ya watu kumi na kitu, fomu inauliza idara, jinsia na umri, sasa mwanamke wa fedha mwenye miaka 50 na ushee si anajulikana mpaka getini? Anaweka alama nne kati ya tano anaendelea na maisha yake. Kikundi kisichofika watu watano msikitolee matokeo peke yake, kiunganisheni na kingine, na ile sehemu ya kukusanya imeli izimwe, watu wanaiangalia hiyo jamani.

Mi nashauri kabla hujamuuliza mtu chochote fungua mafaili. Anza na likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 kwa mwaka, angalia nani kazichukua nani hajazichukua, ukikuta timu nzima ya mradi mmoja siku zao zimelala usikimbilie kuajiri mshauri, hapo kuna bosi ambaye ukimuomba likizo anakuuliza ripoti ya robo mwaka ataandika nani. Sheria hiyo hiyo inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, sasa hesabu na zile Jumamosi za fildi uone.

Faili ninalolipenda zaidi ni la masurufu, yaani hela za safari za kazi na madai yake. Kijana kaenda fildi Mkuranga, hela imemuishia, katoa yake mfukoni kulipa bodaboda, karudi na kikaratasi kimeandikwa kwa mkono kina saini na namba ya simu ya dereva, mhasibu hataki, anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bodaboda gani anatembea na mashine ya EFD? Anazungushwa wiki na wiki kwa elfu 18, wakati posho ya safari ya mkurugenzi imeingia kabla hata tiketi haijakatwa. Na hili ni shirika la kutetea haki za wanyonge! Chukueni tarehe mtu aliyowasilisha madai na tarehe aliyolipwa, muweke kwenye Excel, mpange kwa vyeo. Sehemu moja tulilionyesha jedwali hilo kwenye kikao, ukumbi kimya, wiki ile ile ikatoka fomu ya malipo yasiyo na risiti, hela ndogo anasaini msimamizi, basi. Hiyo ilituliza watu kuliko ile ritriti ya Bagamoyo.

Tena msishtuke malalamiko yakiongezeka baada ya hapo. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1990 alikuta kwenye hospitali kwamba timu zinazofanya kazi vizuri ndo ziliripoti makosa mengi, kwa sababu watu wake hawakuogopa kuyasema. Kwetu uoga una heshima ndani yake, huwezi kumpinga mtu uliyemuamkia shikamoo asubuhi, kwa hiyo kwenye vikao aanze kuongea mdogo, bosi awe wa mwisho. Akianza bosi kikao kimeisha, wengine wote ni "naunga mkono hoja".

Ila kikubwa kinachofunga midomo kwenye NGO ni mkataba. Mradi unaisha Desemba, hakuna anayejua kama yumo kwenye bajeti mpya, nani atamsema msimamizi mwezi wa kumi? Waambieni mapema, hata kama jibu ni baya.

Na anayeondoka msimhoji siku ya kukabidhi laptop, bado anasubiri stahiki zake na cheti cha utumishi huyo, atawasifia tu. Mpigie mwezi mmoja baada ya kulipwa, apige mtu ambaye hakuwa bosi wake, utaambiwa mpaka nani alikuwa anaficha sukari ya chai.